Hazina ya Farao na Ghala la Yusufu a.s.



Rudewa ni kata ya wilaya ya Kilosa, juu ya njia itokayo Dumila kwenda Kilosa mjini. Watu wake wameishi kwa jembe na kwa mkonge tangu zamani. Manamba walikuja kutoka pande nyingi za nchi kufanya kazi katika mashamba ya katani, wakakaa pamoja na Wakaguru na Wasagara. Hata leo kijana wa huko hupata fedha yake kwa kuuza mahindi au mpunga, au kwa kibarua cha shambani. Lakini fedha hiyo haikai tena chini ya godoro. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, watu wengi huiweka ndani ya simu. Na ndani ya simu hiyo hiyo umefunguliwa mlango mwingine, uliopambwa kwa mapiramidi, kwa dhahabu na kwa sura za Mafarao. Anayeingia humo huambiwa kwamba hazina ya Misri ya kale inamngoja.

Somo letu ni juu ya mlango huo. Kwanza tutaeleza mchezo ulivyo, kisha hesabu yake, kisha asili ya jina ulilojivika, na mwisho mafundisho ya Kurani Tukufu. Twakuomba usome kwa utulivu, hasa ikiwa u mgeni katika Uislamu na unataka kujua kwa nini dini hii imekataza jambo ambalo wengi huliita burudani tu.

MCHEZO WENYEWE

Mwishoni mwa karne ya 19, fundi mmoja wa San Francisco, Marekani, jina lake Charles Fey, alitengeneza mashine yenye magurudumu matatu ya picha. Mchezaji alitia sarafu, akavuta mkono wa chuma, na picha zilipolingana alilipwa. Mashine za ukoo huo ndizo zilizoenea katika vibanda vya mitaa yetu, na watu wakaziita dubwi. Siku hizi chuma kimeondoka. Magurudumu ni picha tu katika kioo cha simu, na kinachoamua matokeo ni programu inayotoa namba zisizotabirika. Namba huamuliwa mara tu kidole kinapogusa kioo. Kule kuzunguka unakokuona baadaye ni mapambo.

Watengenezaji wa michezo hii wameipenda sana Misri ya kale. Mwaka 2005 kampuni ya Novomatic ya Austria ilitoa mchezo uitwao Book of Ra, yaani Kitabu cha Ra, mungu-jua wa Wamisri. Mwaka 2016 kampuni ya Play'n GO ya Sweden ilitoa Book of Dead, yaani Kitabu cha Wafu. Katika mchezo huu wa pili kuna safu tano za picha na mistari kumi ya malipo. Vikitokea vitabu vitatu, mchezaji hupewa mizunguko kumi ya bure. Tuzo iliyo kubwa kabisa ni mara 5,000 ya dau. Kwa hiyo mwenye kuweka shilingi 200 anaonyeshwa shilingi 1,000,000 kwa mbali. Na akishinda kitu kidogo huulizwa papo hapo kama anataka kubahatisha rangi ya karata, nyekundu au nyeusi, ili ushindi wake uongezwe maradufu au upotee wote. Yaani hata mwenye kushinda haachwi aende zake.

HESABU ILIYO NYUMA YA PAZIA

Wenye michezo hii hawasemi uwongo wakiulizwa hesabu. Huandika kwamba mchezo hurudisha, tuseme, asilimia 96 ya fedha zinazowekwa. Toleo la Book of Dead linalojulikana zaidi lina kiwango cha asilimia 96.21, na yapo matoleo mengine ya mchezo huo huo yenye kiwango cha chini zaidi. Msomaji akiona namba hiyo atadhani ya kuwa akienda na shilingi 10,000 atarudi na shilingi 9,600, na kwamba shilingi 400 si ghali kwa burudani. Hapo ndipo penye kosa la wengi.

Asilimia hiyo haihesabiwi juu ya fedha uliyokuja nayo. Huhesabiwa juu ya kila dau, na fedha inayorudi huwekwa tena. Ukizungusha shilingi zako zote 10,000 mara moja, kwa wastani hubaki 9,600. Ukizizungusha hizo zote mara ya pili, hubaki 9,216. Ukifika mara ya 17, nusu ya fedha imekwisha. Mara ya 34 imebaki robo. Mara ya 56 imebaki kama shilingi 1,000 tu.

Sasa ipime kwa saa. Mtu anayeweka shilingi 200 na kugusa kioo kila baada ya sekunde sita huzungusha mara 600 kwa saa moja. Ameweka madau ya jumla ya shilingi 120,000, ingawa pengine hakuwa na zaidi ya 5,000 mfukoni. Asilimia nne ya 120,000 ni shilingi 4,800. Huo ndio wastani wa hasara yake kwa saa. Na wastani ni wa wote. Kwa kuwa tuzo kubwa huwaangukia wachache, walio wengi hupoteza upesi kuliko hivyo. Wala hakuna ustadi wowote wa kupunguza hasara hiyo. Mzunguko wa leo haukumbuki mzunguko wa jana, na mtu aliyepoteza mara 50 hajakaribia kushinda hata kwa hatua moja.

Linganisha hayo na ardhi ya Rudewa. Punje moja ya mahindi iliyoota vizuri huzaa suke lenye punje mamia. Mkonge huhitaji miaka kama mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, lakini baada ya hapo hukatwa mwaka baada ya mwaka. Ardhi huichukua punje moja na kurudisha nyingi. Mchezo huichukua shilingi moja na kurudisha pungufu ya shilingi, tena haukuahidi zaidi.

KWA NINI MTU HAACHI?

Utauliza: Ikiwa hesabu ni wazi hivyo, kwa nini mtu mwenye akili haachi? Jibu lilionekana katika majaribio ya mtaalamu wa Marekani B. F. Skinner, ambayo yeye na mwenzake C. B. Ferster waliyaandikia kitabu mwaka 1957. Njiwa aliyezoeshwa kupata chakula kila anapodonoa huacha upesi chakula kikikatika. Lakini njiwa aliyezoeshwa kupata chakula pasipo mpango wa kujulikana, mara baada ya kudonoa mara tatu, mara baada ya mara hamsini, huendelea kudonoa kwa muda mrefu sana hata kisipotoka kitu. Skinner mwenyewe aliilinganisha hali hiyo na ya mcheza kamari.

Juu ya hayo mchezo una hila mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kukosa kana kwamba ni kukaribia. Vitabu viwili vinatokea, na cha tatu kinapita kwa nafasi moja. Mchezaji husema, “Nilikuwa karibu!” Kumbe hapana karibu wala mbali, kukosa ni kukosa. Hila ya pili ni kushangilia hasara. Umeweka shilingi 200, umerudishiwa 80, kengele zinalia na dhahabu inamwagika katika kioo. Sikio limesikia ushindi, na mfuko umepoteza shilingi 120.

Iangalie vizuri hila hii ya pili. Muuza nafaka ambaye angekupimia pishi pungufu huku akipiga ngoma ya kukupongeza, ungemwitaje? Kurani Tukufu imetoa onyo zito juu ya watu wa namna hiyo katika sura Al-Mutaffifin, ambayo ni sura ya 83. Wakipokea kwa wengine hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza.

KITABU KILICHOAZIMWA JINA

Hicho kinachoitwa Kitabu cha Wafu kilikuwa kitu cha kweli. Jina hilo lilienea baada ya mtaalamu wa Kijerumani Karl Richard Lepsius kuchapa nakala mojawapo mwaka 1842. Wamisri wenyewe walikiita kwa maneno yenye maana ya kutoka katika nuru ya mchana. Kilikuwa mkusanyo wa maneno yaliyoandikwa juu ya mafunjo na kuwekwa kaburini. Nakala mashuhuri ni ya mwandishi aitwaye Ani, nayo imo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ina umri wa zaidi ya miaka 3,200.

Katika picha ya nakala hiyo mizani imesimamishwa. Katika kitanga kimoja umewekwa moyo wa maiti, na katika kitanga cha pili unyoya wa Maat, yaani kweli na uadilifu. Anubi mwenye kichwa cha mbweha anaiangalia mizani, na Thoth ameshika kalamu kuandika matokeo. Pembeni anangoja mnyama mwenye kichwa cha mamba ili aule moyo utakaoshindwa. Na katika sura ya 125 ya kitabu hicho maiti hukana dhambi moja baada ya moja. Mojawapo ni hii: kwamba hakuichezea mizani wala hakupunguza kipimo.

Sisi Waislamu hatuiamini miungu hiyo. Mungu ni Mmoja tu, na maneno ya kaburini hayamwokoi mtu pasipo matendo. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Hata wale waabudu sanamu wa kale, pamoja na giza lao, walijua ya kuwa mtu atapimwa, na kwamba kupunja mizani ni dhambi ya kumwangamiza. Leo jina la kitabu hicho cha mizani limebandikwa juu ya mchezo ambao mizani yake imeinamishwa tangu kiwandani. Wafu wa Misri waliapa kwamba hawakupunja. Wanaolitumia jina la kitabu chao wameandika kiasi cha kupunja kwa asilimia.

KURANI TUKUFU YASEMAJE?

Neno la Kiarabu la kamari ni maisir, nalo linatoka katika mzizi wenye maana ya wepesi, yaani mali ipatikanayo pasipo taabu. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa wakichinja ngamia, wakimgawa mafungu, na kuvuta mishale yenye alama. Aliyepata mshale mtupu alilipa gharama. Wenye kushinda mara nyingi waliwapa maskini ile nyama na kujisifu kwa ukarimu.

Kurani Tukufu iliugusa mchezo huo kwanza katika sura Al-Bakara, aya ya 220 (kwa hesabu inayoifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza). Haikukana kwamba ndani ya pombe na kamari yamo manufaa fulani kwa watu, bali ilifundisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika sura Al-Maida, aya za 91 na 92, kamari iliharamishwa kabisa pamoja na ulevi, masanamu na mishale ya kupigia ramli, na sababu zikatajwa. Shetani hutaka kutia uadui na chuki kati ya watu kwa njia ya vitu hivyo, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu wala wasisali.

Utaona ya kuwa sababu hizo zinapimika hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Uadui: mke anauliza fedha ya mbegu imekwenda wapi, na mume anajibu kwa ukali kwa sababu hana jibu. Ndugu aliyekopesha anadai, na aliyekopa anapita njia ya nyuma. Kuzuiwa na sala: adhana inasikika, na mchezaji asema, “Mzunguko mmoja tu.” Mashine ya zamani ilikuwa na kibanda kilichofungwa usiku. Hii ya simu hulala pamoja naye kitandani.

Tena Kurani Tukufu imetupa mfano wa hazina ya kweli iliyokuwa Misri. Katika sura Al-Qasas imetajwa habari ya Karuni, mtu wa kaumu ya Musa a.s., ambaye funguo tu za hazina zake zilikuwa mzigo mzito kwa kundi la watu wenye nguvu. Alipotoka katika mapambo yake, wapenda dunia walitamani wapewe mfano wa aliyopewa. Lakini ardhi ilimmeza yeye na nyumba yake, na wale waliotamani cheo chake jana waliamka wakimshukuru Mungu kwamba hawakuwa yeye. Tangazo la mshindi wa mamilioni ni kutoka kwa Karuni katika mapambo yake. Usiutamani mwangaza huo kabla ya kuuliza fedha ile imetoka katika mifuko ya nani.

GHALA LA YUSUFU

Iko na Misri nyingine ambayo mchezo hauionyeshi. Ni Misri ya Nabii Yusufu a.s. Mfalme aliota ndoto, na Yusufu a.s. akaifasiri kama isemavyo sura ya 12. Kungekuwa na miaka saba ya kulima mfululizo, kisha miaka saba ya shida, kisha mwaka wa mvua. Hakumwambia mfalme abahatishe. Alimpa mpango. Walime kwa bidii, nafaka waiache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, waweke akiba, na katika miaka ya njaa wabakize kidogo cha kuhifadhiwa. Misri ikaokoka, na hata watu wa nchi jirani wakaja kutafuta chakula huko.

Mkulima wa Kilosa halihitaji somo hili lifafanuliwe sana. Aliyaona mafuriko ya mto Mkondoa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyobomoa nyumba na kuikata reli. Anajua pia mwaka ambao mvua hugoma. Akiba ndiyo ngao yake. Kwa hiyo fedha iliyo hatarini zaidi ni ile ya kabla ya masika, iliyowekwa kwa mbegu na palizi. Anayeiingiza fedha hiyo mchezoni hapotezi shilingi zile tu. Anapoteza magunia ambayo zingezaa, na njaa ya miezi ijayo huwaangukia watoto ambao hawakugusa kioo.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Je, kilimo nacho si kamari, maana mvua haijulikani?

Jibu: Hapana. Kutojua yajayo si kamari. Mkulima hufanya kazi, huongeza chakula duniani, na kupata kwake hakumlazimu jirani kukosa. Tena maarifa yake humsaidia, kwani apandaye mapema na kupalilia vizuri hupata zaidi. Katika kamari hakuzalishwi kitu. Alichopata mmoja ndicho walichopoteza wengine, na mwenye mchezo amekwisha kutoa fungu lake.

Swali: Serikali imeruhusu. Kwa nini dini ikataze?

Jibu: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, na imewazuia walio chini ya miaka 18. Sheria ya nchi hupunguza madhara kwa kuweka mipaka, nasi tunapaswa kuitii. Lakini kuruhusiwa si kuamriwa. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kucheza, hivyo mwenye kujizuia hamvunjii mtu sheria.

Swali: Nikishinda nikatoa sadaka, je, si heri?

Jibu: Kumbuka Waarabu wa zamani, ambao maskini walikula nyama ya kamari yao. Kama sadaka ingeitakasa kamari, ile ingetakasika. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba hata mtu aliyemwita mwenzake waje wacheze kamari na atoe sadaka. Yaani sadaka imewekwa kuwa toba ya neno lile tu, wala haikuwekwa kuwa leseni ya mchezo.

Swali: Nimekwisha kunaswa. Nifanye nini?

Jibu: Usikate tamaa, mlango wa toba u wazi. Fanya mambo manne. Kwanza, usijaribu kurudisha kilichopotea kwa kucheza tena, kwa maana hiyo ndiyo kamba inayowafunga wengi. Pili, ifute programu hiyo katika simu, na uombe akaunti yako ifungwe. Tatu, mwambie mtu mmoja unayemwamini, mke, mzee au imamu, na fedha ya mbegu ikae mkononi mwake au katika kikoba cha kijiji. Haba na haba hujaza kibaba, na kikoba hakina asilimia nne ya kukupunja. Nne, ukiona hamu inakujia, tawadha usali rakaa mbili, kisha toka nje ukafanye kazi ya mikono.

Nawe ambaye hukucheza kamwe, usimcheke aliyenaswa. Njiwa wa Skinner hawakuwa wapumbavu kuliko njiwa wengine. Mwendee ndugu yako kwa upole, umkalie karibu, umwonyeshe hesabu hii kwa kalamu na karatasi, kabla ya masika.

Mwenyezi Mungu atujalie riziki ya halali, atuepushe na mali inayomtoa jirani machozi, na siku ambayo mizani ya kweli itasimamishwa atufanye kuwa miongoni mwa wale ambao mizani yao itakuwa nzito. Amin.